Kiti cha Simu

Watu walimwita Fundi Kesho, naye aliitika. Jina la kubandikwa ni kama doa la gundi kwenye suruali ya kazi, kadiri unavyolisugua ndivyo linavyoenea. Alikuwa fundi wa sofa, na mkono wake ulikuwa mzuri, hakuna aliyebisha. Sofa ikitoka kwake ilikaa miaka. Springi hazikumchoma mtu, vifungo havikung'oka hata watoto wakivivuta kwa meno. Sasa itoke lini? Hapo ndipo palipokuwa na maneno. Ukimuuliza alikutazama kwa huruma, kama daktari anayempa mgonjwa moyo, akakwambia, "Kesho, Mungu akijalia." Na hakuwa akidanganya, masikini. Kila alipolisema neno hilo aliliamini.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kilichoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya shangazi wa mkewe. Upande huu wa ukuta zilikuwa nyundo, misumari na vumbi la sponji. Upande wa pili ilikuwa sebule ya shangazi, na zulia lake, na saa yake ya ukutani, na simu yake ya mezani juu ya meza ndogo pembeni. Shangazi alipotaka kujinyoosha mchana na nyundo ikamkera, aligonga ukuta kwa mwiko. Ko, ko, ko. Fundi akisikia hivyo alitua nyundo palepale, hata kama msumari umeingia nusu, akanyamaza kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Miaka yote waliishi hivyo. Yeye na mkewe na watoto walilala vyumba viwili vya uani, nyuma ya karakana, mlango wao ukitazama uchochoro mwingine.

Mwaka huo fundi alipata kazi ya heshima: kuvalisha upya viti vya kusubiria vya zahanati. Kitambaa chenyewe ni ngozi ya bandia, ngumu, ya kijani, inayofutika kwa tambara la maji. Muuguzi mkuu alimwambia bila kupepesa macho, "Fundi, wagonjwa wangu wanakaa sakafuni. Siku utakayoniambia kesho, navipakia mkokoteni navipeleka kwa yule wa kona."

Yule wa kona, fundi sofa mwenzake, alikuwa na duka lenye dirisha la kioo na mashine zilizopangwa mstari. Aliwahi kumwambia mbele za watu, "Njoo kwangu unipigilie misumari, Jumamosi nakulipa. Kushona niachie mimi, wewe utashona kesho." Watu walicheka. Fundi naye alicheka, maana ukichekwa hadharani usipocheka unachekwa mara mbili. Lakini kicheko kile kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi katikati ya kazi ya zahanati, cherehani yake ikakata roho. Ilikuwa cherehani kubwa ya ngozi na turubai, aliyoachiwa na bwana aliyemfundisha kazi, na hata wakati anaachiwa ilikuwa imeshakula chumvi. Asubuhi moja ikatoa mlio kama mtu anayetafuna vigae, gurudumu likazunguka bure, sindano ikagoma. Fundi wa mashine akaja, akaifungua, akaichungulia tumboni.

"Gia imekwisha meno," akasema.

"Si tutafute meno mengine?"

"Meno ya huyu bibi hayauzwi tena popote. Mshukuru, umzike."

Ngozi ile huwezi kuishona kwa mkono kiti baada ya kiti. Utazeeka wagonjwa wangali sakafuni. Duka la mashine lilikuwa na cherehani mpya dirishani, inang'aa kama bwana harusi, na walikuwa wanaitoa kwa mkopo kupitia ofisi iliyokuwa ghorofani, juu ya duka hilohilo. Fundi akavaa shati la kutokea, akapanda ngazi.

Alimkuta binti mwenye miwani, mpole, mwenye mafua. Kitambulisho, fundi alikuwa nacho. Barua ya zahanati, hii hapa. Kila alichoombwa alikitoa, na moyo ukaanza kumtulia.

"Simu ya nyumbani?"

Akataja namba yake.

"Hiyo ni ya mkononi, baba. Nataka ya nyumbani. Ya mezani."

"Siku hizi nani ana simu ya mezani?"

"Wanaopewa mkopo," binti akasema, akapenga kamasi taratibu. "Usinikasirikie, baba yangu. Ya mkononi mtu anaitupa, anahama mji, sisi tunabaki kuambiwa hapatikani. Ya mezani imefungwa na waya ukutani, haihami. Tunapiga siku tusiyokutajia. Tunauliza, huyu mtu anakaa hapo? Akiitwa, anakuja? Basi. Utaratibu huu nimeukuta."

"Na asiye nayo?"

"Asiye nayo analeta hati ya nyumba."

"Mwanangu, ningekuwa na hati ya nyumba, ningepanda ngazi zako kuomba cherehani?"

Binti akataka kucheka, akapiga chafya badala yake. Kalamu ilikuwa mkononi mwa fundi. Na kichwani mwake ilikuwamo namba moja tu ya simu ya mezani, moja tu duniani. Aliijua tangu enzi za uchumba, alipokuwa akipiga kutoka kibanda cha barabarani kumtafuta binti wa watu. Shangazi ndiye aliyepokea, akamhoji, wewe nani, mtoto wa nani, una kazi gani, akisharidhika anasema kwa ile sauti yake ya kazini, "Usikate. Nakuunganisha," halafu anamwita mpwa wake kutoka jikoni. Kabla fundi hajajua anafanya nini, namba ile ilikuwa imeshaandikwa.

"Hapa ni nyumbani kwako?"

"Ni nyumbani," akasema. Kwani ukuta si mmoja?

Aliporudi, mkewe alikuwa anaanika nguo uani.

"Vipi, wametoa?"

"Watatoa. Wanataka kupiga simu ya nyumbani kwanza."

"Nyumbani wapi, na sisi hata redio hatuna?"

"Nimeandika ya shangazi."

Mkewe akaitua shuka kwenye beseni. "Umemwambia?"

"Nitamwambia kesho."

"Baba watoto," mke akasema polepole, "kiti cha shangazi kiko wapi?"

Hapo fundi akapata kazi ya kutazama viatu vyake.

Hicho kiti kilikuwa na habari yake. Shangazi alifanya kazi ya kuunganisha simu tangu usichana wake, wakati ule mtu alipokuwa hawezi kuzungumza na wa mji mwingine bila kupita mikononi mwa mwanamke kama yeye. Siku ya kustaafu, wenzake walichanga wakampa kiti: kifupi, chenye mikono mipana, cha kuwekwa kando ya simu. Alikipenda kama watu wengine wanavyopenda paka. Kilipochakaa alimpa mkwe wake akivalishe upya, na akanunua kitambaa mwenyewe, cha zambarau. Hiyo ilikuwa mvua za mwaka jana. Mvua zikaisha, kiangazi kikapita, mvua nyingine zikaja. Kazi za wateja ziliingia na kutoka, na kiti kikasukumwa pembeni, kikawekewa maguduria ya gundi juu, maana ya nyumbani huwa inangoja. Mwanzoni shangazi aliuliza. Kisha akatania. Kisha akaacha kuuliza. Na mtu akiacha kuuliza, ujue amefika mbali. Tangu hapo fundi alikuwa anazunguka kwa uchochoro wa nyuma, njia ndefu yenye matope, asipite mbele ya mlango wake.

Kesho ikaja, hakumwambia. Ikaja nyingine. Alikuwa anajipanga, maneno alikuwa nayo, ila yalikosa mlango wa kutokea. Ndipo simu yake ya mkononi ikalia akiwa anabandua ngozi kuukuu kwenye kiti cha zahanati.

"Baba, ni mimi wa mikopo." Mafua bado yalikuwapo. "Tumepiga simu ya nyumbani kwako. Haikupokelewa."

"Lakini si umenipata?"

"Nimekupata kwenye ya mkononi. Hii haihesabiki."

"Si ni mimi huyuhuyu? Sikiliza, nakohoa. Umesikia?"

"Nimesikia, baba. Na bado haihesabiki. Tutapiga tena, mara moja tu. Ikikosa kupokelewa, ombi linarudi kabatini, na likirudi kabatini halitoki mwaka huu."

Fundi akaitazama ngozi aliyoibandua. Muuguzi mkuu alikuwa ameshatuma salamu kwamba Ijumaa mkokoteni unakuja, uchukue viti vilivyovalishwa au vilivyo uchi. Akajifuta mikono. Akapita njia fupi, ya mlango wa mbele.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, shangazi. Mkwe wako. Shikamoo."

"Marahaba. Mkwe wangu?" Sauti ilitoka jikoni. "Nilikuwa naye mmoja, fundi. Nasikia alihama."

Alimkuta amekaa kwenye kigoda anamenya viazi, mguu mmoja ameunyoosha mbele kama mtu aliyeuegesha. Fundi hakukaa. Akamweleza yote akiwa wima, kuanzia cherehani mpaka namba, na alipofika kwenye namba sauti ikapungua mpaka shangazi akaacha kumenya ili asikie.

"Kwa hiyo ndio wao waliopiga juzi," shangazi akasema. "Nilikuwa hapahapa. Ikalia, nikainuka. Goti likagoma. Nikalibembeleza, likakubali, nafika mlangoni pa sebule, ikakata. Unajua zamani nilikuwa nakaa wapi?"

Fundi alijua.

"Kando yake. Kazini kwangu simu haikulia mara tatu. Ikilia ya tatu, mwenye kupiga ana haki ya kukasirika. Sasa sebuleni nikae wapi, mkwe? Juu ya zulia, kama mgeni wa matanga?"

"Shangazi, nisamehe."

"Sijakusema. Nakuonyesha waya ulivyopita, kutoka kwenye kiti changu mpaka kwenye cherehani yako." Akachukua kiazi kingine. "Haya, unataka nini?"

"Watapiga tena. Wakiuliza kama nakaa hapa, useme ndiyo. Neno moja tu."

"Unakaa hapa?"

"Shangazi..."

"Nimekuuliza. Sahani yako iko kwenye kabati langu? Unalala chumba kipi, nikutandikie?"

Fundi akayatazama maganda ya viazi.

"Nimekaa na vile visikilizio masikioni mpaka nywele zimeota mvi chini yake," shangazi akasema. "Nimewasikia wanaume wakiwaaga wake zao kwamba wako safari ya mbali, nami naona wanapiga kutoka mtaa wa pili. Sikutoa siri ya mtu. Lakini mdomo wangu mwenyewe haujapitisha uongo kwenye waya, na sitauanzishia uzeeni kwa ajili ya cherehani."

"Basi nimekwisha."

"Sijasema sitapokea. Nimesema sitadanganya. Nitakachosema nitakijua hapohapo." Akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Wewe niletee kiti changu."

Fundi akarudi karakana, akayashusha yale maguduria, akakitoa kiti kwenye mwanga. Kitambaa cha zambarau kilikuwa bado kimekunjwa juu yake, na alama za chaki alizozichora mwenyewe siku ya kwanza, siku aliyokuwa na nia. Akachukua sindano iliyopinda, ile ya kushonea pasipofika mashine, na uzi uliopakwa nta.

Unapokivua kiti nguo unamjua aliyekikalia. Mkono wa kulia ulikuwa umebonyea kuliko wa kushoto. Hapo ndipo kiwiko kilipoegemea, mkono ukishikilia simu. Fundi mwingine angelijaza lile bonde likawa sawa na upande wa pili. Yeye alilijaza nusu, ili kiwiko kipakute mahali pake. Kisha akakumbuka lile goti jikoni. Akakitazama kiti, kifupi mno kwa mtu wa umri ule. Akaweka tabaka la sponji ngumu chini ya ile laini, kiti kikainuka, sio sana, kiasi cha mtu kusimama bila kusukumwa.

Mkewe alimshikia kitambaa, yeye akavuta uzi.

"Ungekishona hivi mwaka jana," mke akasema.

"Mwaka jana nilikuwa na cherehani."

"Mwaka jana ulikuwa na cherehani, na hukukishona."

Akavuta uzi. Kuna maneno ambayo jibu lake ni kuvuta uzi tu.

Akapita mteja mmoja, akachungulia mlangoni. "Fundi, sofa yangu vipi?"

Fundi akafungua kinywa, na lile neno likaja lenyewe mpaka ncha ya ulimi. Akalimeza. "Sijaigusa," akasema. "Na wiki hii sitaigusa."

Mteja alishtuka kuliko ambavyo angeshtuka kama angeambiwa imeungua. Akasimama pale, akasubiri neno jingine, halikuja. Akaenda zake anajikuna kichwa.

Kiti kilipokamilika, fundi na mkewe walikibeba wakapita nacho njia fupi. Shangazi akakizunguka. Akakibonyeza kwa vidole. Akakaa, akasimama, akakaa tena, akalaza kiwiko cha kulia na kiwiko kikatulia kama yai kwenye kiota.

"Umekiinua," akasema.

"Kwa ajili ya goti."

Shangazi akatazama simu, akatazama dirishani. Mkewe fundi akajifanya anarekebisha pazia.

"Na huu msumari?" shangazi akauliza, kidole chake kikipapasa ubavu wa kiti. "Umetoa kichwa. Utanichania kanga."

"Aa, huo nitaugonga kesho," fundi akasema, na kabla hajafunga mdomo alitamani dunia impasukie.

Shangazi akakipapasa tena kichwa cha msumari.

Kesho yake fundi hakwenda, maana alikuwa na fremu za zahanati za kupigilia, kazi isiyotaka cherehani, na kila mlio wa simu upande wa pili wa ukuta ulimfanya atue nyundo. Mara alikuwa mtu amekosea namba. Mara rafiki wa shangazi, mzungumzaji, aliyeushika waya mpaka fundi akaanza kumwombea maradhi madogo ya koo. Msumari aliukumbuka jioni, akasema moyoni, si ni mmoja tu? Siku ikapita, na iliyofuata nayo ikawa inapita.

Alikuwa anagonga kwa nguvu, misumari imejaa mdomoni, aliposikia ko, ko, ko.

Akatua nyundo. Kimya. Alikuwa amegonga kwa kelele mno kusikia simu ikilia, lakini sasa, kwenye ukimya ule, aliisikia sauti ya shangazi. Haikuwa sauti ya jikoni. Ilikuwa ile ya kazini, laini, imenyooka, sauti ya enzi za uchumba.

"Naam, sasa nakusikia. Uliza, mwanangu... Hapana. Hakai hapa."

Misumari ikawa baridi juu ya ulimi wa fundi.

"Ameandika hivyo, ndiyo. Mlimbana akaandika. Nyumba yake haina waya... Mimi ni shangazi wa mkewe... Ngoja, mwanangu, usinikatize. Mimi nimefanya kazi ya simu kabla mama yako hajakuwaza. Niulize unalotaka kulijua, achana na lililochapwa hapo." Halafu shangazi akacheka kidogo. "Mtu wa ahadi? Hapo umenishika pabaya. Mtaa mzima wanamwita Kesho. Mimi mwenyewe kiti changu alikaa nacho tangu mvua za mwaka jana."

Fundi akaketi juu ya furushi la sponji. Akaona mkokoteni ukija. Akajiona amesimama mbele ya duka la kioo, anasubiri Jumamosi.

"Lakini hakukiuza," sauti ikaendelea. "Na hakukikana. Na amekirudisha, nimekikalia hivi ninavyosema nawe. Kakishona kwa mkono, mashine si hana? Ndiyo hiyo anayowaomba... Eeh. Kumbe mnataka kujua mkimtafuta mtampata? Hilo tu? Si ungesema, mwanangu! Usikate. Nakuunganisha."

Ko, ko, ko.

Fundi akakaa kimya.

Ko, ko, ko! Sasa kwa nguvu, mpaka bati likatetemeka. Fundi akajiuliza ametoa kelele gani tena. Akalisogeza taratibu kopo la misumari lisije likalia. Akabana na pumzi.

"We mkwe!" Shangazi alipaza sauti iliyopita kwenye ukuta kana kwamba ukuta ni pazia. "Nakugongea uje, sikugongei unyamaze! Miaka yote hunyamazi mpaka nikugongee, leo ndiyo umekuwa bubu?"

Fundi akatema misumari, akatoka mbio. Miguu kwa mazoea ikamvuta kwenye uchochoro wa nyuma. Akaikemea, akakata njia fupi, akaingia sebuleni na viatu, na nyuzi zikimning'inia, na sponji kwenye nywele. Shangazi alimpa mkono wa simu bila kuinuka kitini.

"Haloo," fundi akasema, anahema.

"Wewe ni nani?" Ni yule binti.

"Fundi. Fundi wa sofa. Wa cherehani."

"Umetoka wapi?"

"Nyuma ya ukuta."

"Mbona uliniambia hapo ni nyumbani kwako?"

Fundi akamtazama shangazi. Shangazi alikuwa anaitazama saa ya ukutani, kama mtu ambaye hayo hayamhusu.

"Nilisema uongo," akasema. "Nilikuwa na shida, nikaandika. Nyumbani kwangu ni uani, mlango uko uchochoroni. Lakini ukuta ukigongwa, nasikia."

Upande wa pili, chafya.

"Pole na mafua," fundi akasema.

"Asante. Baba, wenye simu zao wengine nawasubiri mpaka nachoka, na wako chumbani. Ngoja nimuulize mkubwa." Fundi alisikia kiti kikisogezwa, minong'ono, mwanamume akiguna. Alikuwa ameubana ule mkono wa simu mpaka kiganja kinamuuma. Binti akarudi. "Anasema uongo ni uongo. Lakini anasema pia, huyo mama aliyepokea, kama atakubali kuwa mdhamini, aje atie saini, cherehani itoke. Mwelewane vizuri. Wewe ukishindwa kulipa, atalipa yeye. Muulize."

Fundi akaufunika mkono wa simu kwa kiganja. Maneno yake yote, yale aliyokuwa anayapanga siku zote, yalikuwa yamekimbia.

"Shangazi," akasema. "Wanauliza kama utanidhamini."

Shangazi hakugeuza uso kutoka kwenye saa.

"Msumari," akasema.

"Nini?"

"Msumari wangu wa ubavuni. Uliniambia kesho. Hiyo kesho ilikuwa jana."

Fundi akampa shangazi mkono wa simu. Akatoka mbio kwa njia ileile fupi, akarudi na nyundo ndogo. Akapiga magoti juu ya zulia.

"Upo, mwanangu?" shangazi alikuwa anasema kwenye simu, kiwiko kimelala kwenye bonde lake. "Usikate. Kuna kitu fundi anakimalizia hapa, nataka nawe ukisikie."

Akaushusha mkono wa simu ubavuni mwa kiti, karibu na nyundo. Fundi akagonga mara moja, akagonga tena, kwa upole, mpaka kichwa cha msumari kikazama kwenye kitambaa. Shangazi akapitisha kidole pale. Akapitisha na upindo wa kanga yake. Haukunasa.

Akaurudisha mkono wa simu sikioni.

"Haya, mwanangu," akasema. "Hiyo ofisi yenu iko ghorofa ya ngapi? Maana nina goti."